Brashi ya Waya

Fundi wa bwawa aliacha kuja dukani siku ya Alhamisi. Kila Alhamisi saa nne alikuwa akipita kuchukua klorini, na muuzaji alikuwa amevaa blauzi ya kijani, ile ambayo fundi alisema inamfanya afanane na maji yaliyokosa dawa. Saa nne ikafika, ikapita. Muuzaji akaendelea kupanga ndoo zilizokwisha kupangwa. Hakuhitaji kuuliza kulikoni. Alijua, na kujua huko ndiko kulikomtafuna.

Walikuwa wamekutana Jumamosi moja, duka limefurika watu. Fundi aliingia na shati lililopigwa pasi, akasimama mbele ya vifaa vya mabwawa kama mtu aliyepelekwa kuchagua mchumba.

"Dada, nimepewa bwawa la nyumbani nilitunze. Mwenyewe ni mkunga mstaafu, anaogelea kila asubuhi kwa ajili ya magoti. Ukuta umeota kijani. Nianze na nini?"

"Anza na salamu."

"Haya, hujambo dada?"

"Sijambo. Wavu huu wa kuokotea majani. Mpini huu unarefuka, usije ukatumbukia nikakosa mteja. Na mpira huu wa kufyonza uchafu wa chini."

"Mbona unanukia klorini mpaka mlangoni? Nikuite Klorini?"

"Niite uone kama nitaitika."

"Klorini."

"Abee!"

Duka zima likacheka. Akiwa bado anacheka, muuzaji akanyoosha mkono akachukua brashi ya waya wa chuma. "Hii haibakishi kitu," akasema.

Bosi wake alikuwa na sharti moja: kabla ya kumpa mtu brashi, muulize bwawa lake ni la saruji au limetandikwa plastiki. Waya ni wa saruji. Plastiki husuguliwa kwa nailoni. Kwa miaka minne muuzaji hakuwahi kusahau swali hilo. Siku hiyo alisahau.

Miezi miwili ikapita kwa simu za mchana.

"Klorini wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umesugua?"

"Mpaka bega linalia. Mama mkunga anasema bwawa halijawahi kung'aa hivi."

Kisha ikaja simu ya Jumatano. Sauti ya fundi ilikuwa chini. "Maji yanapungua. Plastiki imechanika mistari mistari, kama paka kapita. Nadhani nimetumia nguvu kupita kiasi."

Plastiki. Muuzaji akajikalia juu ya ndoo. Alitaka kukiri, lakini bosi alikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Pole, mpenzi," akasema.

"Pole tu?"

"Niseme nini tena?"

"Sawa," fundi akasema, akakata simu. Kesho yake ndiyo ile Alhamisi.

Kwa wiki tatu fundi hakupokea simu za muuzaji. Shangazi aliyeishi naye alimwangalia akikoroga chai aliyosahau kuitia sukari.

"Mwanangu, huyo kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea, shangazi. Mimi ndiye."

"Basi unangoja nani aje akuombe msamaha wa kosa lako?"

Asubuhi yake alimwambia bosi, akasemwa hadi akaishiwa machozi. Mchana akaenda kwa mkunga. Alimkuta barazani, mguu juu ya kigoda, bwawa kavu mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaeleza yote akiwa amesimama. Mkunga akasugua goti lake. "Yule kijana aliniambia ni nguvu zake. Nikamwachisha kazi. Mwambie arudi."

Akamkuta fundi kwenye kibarua chake kipya, akiosha magari, buti za mpira zimemfika magotini. Muuzaji hakungoja salamu.

"Brashi ni kosa langu. Sikukuuliza bwawa lako ni la nini."

"Najua. Imeandikwa kwenye brashi yenyewe, saruji tu. Nilisoma kabla sijakupigia."

"Ulijua? Mbona ulisema ni nguvu zako?"

Fundi akafunga bomba. "Hata mimi sikusoma mapema. Ungesema lako, ningesema langu, tukaenda kwa mama wote wawili. Nilikungoja useme, ukasema pole tu."

"Nimeshamwambia mama. Na bosi. Kwako nimekuja mwisho, na ndipo nilipotakiwa nianzie. Nisamehe. Mama anasema urudi."

Fundi akasukumia povu mferejini kwa buti. "Alhamisi njoo na brashi nyingine. Lakini uliza kwanza."

Muuzaji akauliza papo hapo. "Bwawa lako ni la saruji au la plastiki?"

"La plastiki. Na litakuwa na viraka."

Sasa viraka vimeshika na mkunga anaogelea tena, upande wa kina kifupi. Kila Alhamisi saa nne muuzaji huomba ruhusa, akafika na brashi ya nailoni, wakasugua wote wawili, kila mmoja na ukuta wake. Fundi bado anamwita dada, si Klorini.