Nekesa Akataa Kutoa Maziwa

Kila asubuhi, nyumbani kwetu Kiminini, baba yangu Jairus alimkamua ng'ombe wetu Nekesa huku akiimba kwa sauti ya chini. Ndoo ilijaa.

Baba alipofariki, tulimzika kwao Bungoma. Tuliporudi, mama alishika ndoo. Nekesa akarusha teke. Mama akamfunga miguu, akamgombeza, akakamua kwa nguvu. Yalitoka maziwa ya kikombe tu.

"Huyo ng'ombe anamwomboleza Jairus," baba mdogo Makokha alisema kwa simu. "Palizi ikiisha nakuja kumchukua."

"Haendi popote," mama alijibu. "Ndiye ng'ombe Jairus alituachia."

Lakini mama hakuwa akilala. Chakula hakikupita. Alikunywa chai ya rangi nzito, bila maziwa, kutwa ili apate nguvu.

Gladwell, mhudumu wa afya wa kijiji, alimkuta akipigana na Nekesa. Alimshika mkono kwenye mshipa.

"Mama Phelista, moyo unaenda mbio hivi, nani anakukimbiza?"

"Hakuna mtu."

"Basi mwili wako hauna habari. Tuna neva, nyuzi za kupitisha habari mwilini, zinazofanya kazi bila kuamriwa. Zingine hutuandaa kukimbia hatari. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, tumbo hulegeza kazi. Ni vizuri, kama kuna mbwa nyuma yako. Zingine hututuliza hatari ikiisha. Huzuni imewasha zile za kukimbia, na hiyo chai nzito inazichochea."

"Na Nekesa?"

"Naye ana neva. Ukimfunga na kumfokea, anaogopa. Akiogopa, maziwa hayashuki."

"Sasa nifanye nini? Nisilie?"

"Lia, si ni bwana wako? Kisha vuta pumzi kwa pua, uitoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta. Moyo utapunguza mwendo. Usingizi ukikataa bado, nitakupeleka kliniki."

Jioni hiyo mama alimfungua Nekesa miguu. Alikaa kando yake akipumua, ndipo akamgusa. Maziwa yalikuwa kidogo. Kesho yake akarudi. Chai nzito aliiacha, na usingizi ukaanza kurudi. Asubuhi moja nilisikia pumzi yake ndefu ikitoka na wimbo wa baba.

Palizi ilipoisha, baba mdogo alifika na kamba begani. Alisimama langoni. Mama alikuwa kwenye kigoda akiimba, povu limefika mdomo wa ndoo.

"Huo wimbo," baba mdogo alisema.

"Ndio huo," mama alijibu bila kugeuka. "Hiyo kamba funga nayo lango, limelegea. Kisha ingia unywe chai."

Ilikuwa chai ya maziwa.