Harusi Imeisha?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Judith, zima simu. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Hili nalisema uso ukiwa chini, maana Kornelia alikuwa jirani yangu, na kwenye harusi ile na mimi nilicheza.

Jioni moja Kornelia alipanda msituni, juu ya Dongobesh, kumtafuta ng'ombe wake aliyechelewa kurudi. Ukungu ulishaanza kushuka. Njia ile hakuwa ameipita miaka kumi na miwili, kwa sababu inapita kwenye mgodi wa ulanga, lile jiwe la kumetameta linalobanduka kama karatasi. Wazungu waliuchimba zamani za ukoloni. Ulanga ulipoisha wakaondoka, wakaacha mashimo na magogo ya kuyashikilia. Magogo hayo! Hata mchwa aliyakwepa. Wazee walionya: usitoe gogo mgodini. Lakini nani hakutoa? Hata zizi la babu yenu lina mawili.

Akasikia kengele ya ng'ombe. Akaifuata.

Kengele ikanyamaza.

Ikaja harufu... udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa leo.

Ko.

Kornelia akasimama.

Ko... ko.

Sauti ile aliijua.

Mwaka ule alipoipita njia hiyo mara ya mwisho, binti yake, Violeth, alikuwa na mimba. Kwa mila zetu za zamani, msichana aliyebeba mimba bila ndoa alitolewa kijijini, akae peke yake, asiombe hata moto kwa jirani. Na wazee wa kwetu walikuwa bado wameishikilia mila hiyo. Upande wa kijana ukakubali kuoa haraka, Jumamosi, kabla tumbo halijasema. Hermani, mume wa Kornelia, akaenda mgodini kutoa magogo ya banda la wageni. Alhamisi akarudi kutoa la mwisho. Shimo likamfunika.

Kornelia alipomfuata alikuta kifusi. Ndani, nyundo ilikuwa inagonga. Angepiga yowe, kijiji kizima kingekuja. Lakini akawaza: wakimtoa amekufa, nyumba itatengwa kwa msiba, maana nayo ni mila yetu. Hakuna atakayeingia kwetu, hakuna harusi, na tumbo la mtoto halingoji.

Akaweka mdomo kwenye mawe.

"Baba Violeth! Vumilia. Harusi iishe kwanza."

Hermani akagonga mara moja tu.

Amekubali.

Jumamosi tulicheza chini ya magogo yale. Isidori, mdogo wake Hermani, akauliza, "Shemeji, kaka yuko wapi?"

"Amefuata soda Katesh."

"Soda ya siku tatu? Anaikamua mwenyewe?"

Tukacheka. Jamani, tulicheka mpaka machozi.

Jumapili alfajiri Kornelia alikimbia mgodini na jembe. Akagonga. Akaita. Hakujibiwa. Akarudi na jembe likiwa safi, halina hata udongo. Watu waliposema Hermani amekimbia aibu ya binti yake, yuko Mererani na mwanamke mwingine, aliinama akawaacha waseme.

Na sasa, kwenye ukungu, mawe yale yale yalikuwa yanasukumwa kutoka ndani. Taratibu. Jiwe moja likaviringika mpaka miguuni pake. Likabaki tundu. Kwenye tundu vikatokea vidole vinne, vinameta ulanga mpaka kwenye kucha.

"Mama Violeth..."

Sauti haikuwa na hasira. Hicho ndicho kilichomvunja. Ilikuwa sauti ya mtu mpole anayeogopa kusumbua.

"Harusi imeisha?"

Kornelia alitaka kusema ndiyo. Lakini akisema ndiyo, Hermani atatoka. Atashuka naye mpaka kijijini, na kila mtu atamuuliza alikuwa wapi.

"Bado," akanong'ona. "Bado kidogo, baba Violeth."

Vidole vikarudi ndani.

"Haya. Nitangoja."

Alimkuta ng'ombe nyumbani, amesharudi zizini mwenyewe, midomo inameta. Tangu siku hiyo Kornelia alikonda kama ufito. Mwaka jana, siku zake za mwisho, alinishika mkono akaniambia yote, huku amejifunika khanga usoni nisimtazame.

Nikamweleza Isidori, naye na wenzake wakaenda kufukua. Mifupa hawakuikuta. Walikuta nyundo, na jiwe lililolainika kwa kukaliwa. Nyuma ya jiwe shimo liliendelea kushuka, na humo hakuna aliyekubali kuingia. Isidori akaketi chini. "Kaka yangu nimemtukana miaka yote hii," akasema. Kisha wakalifukia tena. Haraka.

Shamba alirithi Isidori. Nyumba haina mtu. Violeth alirithi ng'ombe, na lile swali. Maana akipita njia ya juu jioni, anaulizwa.

Nilimwuliza, "Na wewe unajibu nini, mwanangu?"

Akatazama chini.

"Namwambia bado, mama."