Waifai ya Mwalimu Riungu

Mwalimu Riungu alikuwa amelala kifudifudi kati ya mibuni ya shamba lake la kahawa, kisogo kimepasuliwa. Hatua chache kutoka hapo jirani yake, Mutugi, aliketi juu ya gunia, panga mapajani, akiwasubiri polisi.

"Ni mimi," alimwambia Inspekta Gladwell. "Nifunge pingu twende."

"Kwa nini umemuua?"

"Unaniuliza, na ni ninyi mlioniambia?"

Gladwell akamgeukia Konstebo Nyaga. Nyaga akatazama viatu vyake.

Purity, binti pekee wa Mutugi, alijiua mwezi uliopita. Mtu asiyejulikana alikuwa akimtumia jumbe: kwamba ana picha yake akiwa na mvulana, na wasipoachana, picha itafika kanisani. Jana kampuni ya intaneti iliwajibu polisi. Jumbe zote zilipitia mtandao wa nyumbani kwa Riungu, mwalimu mstaafu, hapa Githongo. Gladwell alipanga kumhoji leo.

"Mzee alikuja kaunta kuulizia kesi," Nyaga alisema. "Nikamhurumia. Nilimwambia jumbe zilipitia mtandao wa kwa Riungu, Madam. Sikusema ni Mwalimu aliyezituma."

"Na mtu aliyemzika mtoto atajua tofauti?"

Mwili ulipopelekwa mochari, Gladwell aliingia nyumbani kwa marehemu. Igoki, mjane wake, alikuwa sebuleni, hajavua gambuti za shambani. Ukutani, chini ya kalenda, kulikuwa na karatasi: *Karibuni wanajumuiya. Paswadi ya waifai ni 12345678.*

"Nani ameiona hii?"

"Nani hajaiona? Jumuiya inasali hapa. Mwalimu alisema huwezi kumpa mgeni chai halafu umnyime waifai. Fundi alimwambia aibadilishe, akasema wazee watasahau mpya."

"Yeye alifanya nini mtandaoni?"

"Misa na mpira. Inspekta, majirani wameshaniambia hakuna kijana atakayechimba kaburi lake. Nimzike na jina gani?"

Gladwell alifungua mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha waifai, kwa simu yake. Hata huko nywila ilikuwa ile ile ya kiwandani. Mtu yeyote angeingia.

Rekodi ilionyesha kila simu na saa ilizoingia. Nyingi ziliingia siku ya jumuiya tu. Moja iliingia kila siku, asubuhi na jioni, saa ambazo watu wako nyumbani kukamua ng'ombe. Kila ujumbe kwa Purity ulitumwa simu hiyo ikiwa imeunganishwa.

Jina lake lilikuwa *Mama Purity*.

Inspekta alivuka ua hadi kwa Mutugi. Hata jikoni humo, simu ya Inspekta mwenyewe ilikuwa bado imeshika waifai ya Riungu. Felicitas, mke wa Mutugi, alikuwa akimenya ndizi.

"Mama Purity, weka simu yako mezani."

"Ya nini?"

"Unatumia waifai ya nani?"

"Ya Mwalimu, tangu jumuiya. Inajishika yenyewe. Bando ni ghali, kwani ni kosa?"

"Nani alikuwa anamwandikia Purity?"

Kisu kilisimama.

"Nimeona rekodi, mama. Usinisumbue."

"Niliiona picha kwa simu yake," Felicitas alisema polepole. "Nilimwambia kwa mdomo, hakusikia. Nikamchapa, hakusikia. Nikasema labda atamwogopa mtu asiyemjua. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nina mimba. Sikutaka apite huko."

"Ungeipeleka kanisani?"

"Picha ya mtoto wangu? Hapana. Alianza kushika vitabu. Niliona inafanya kazi, nikaongeza."

"Ulijua zitaonekana zimetoka kwa Mwalimu?"

"Ningejuaje? Simu ni yangu."

"Jana mumeo alikutajia Riungu?"

"Alinitajia."

"Leo akachukua panga."

"Alisema anaenda kukata nyasi."

"Ukamwamini?"

Felicitas alitazama maganda ya ndizi. "Ningemwambia nini, Inspekta? Kwamba ni mimi nilimuua mtoto wake?"

Nyaga aliingia, akamfunga pingu. Gladwell alirudi kwa Igoki, akamweleza yote mlangoni. Igoki aliuliza kama polisi watalitangaza hilo kanisani. Gladwell aliahidi kusimama mwenyewe na kulisema. Igoki aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango.

Kituoni, Gladwell alifungua seli ya Mutugi. Alimweleza kwa maneno machache, maana hakuna namna ya kulainisha jambo kama hilo. Mutugi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu aliponiona," alisema, "aliniuliza kama waifai inafika vizuri kwetu. Akasema atasogeza kile kisanduku karibu na dirisha."

Akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

"Kisha akanipa mgongo, akaendelea kuchuma kahawa."