Koti Lililolowa kwa Ndani

Saa tisa alasiri, na Stockholm ilikuwa imeshaingia giza. Ndiyo Desemba ya huko. Gunvor alikuwa ametundika koti lake la mvua msumarini, anajifunga skafu, Evert msimamizi alipomwita.

"Bi Gunvor, hebu rudi ndani. Koti moja halipo. Kuna mtu bado ananyunyiza."

"Si uende wewe? Una miguu mizima."

"Nikichelewa mke wangu atanichinja."

Gunvor alicheka. Yeye hakuwa na wa kumchelewea. Tangu mumewe Torsten afariki, kilichomsubiri nyumbani kilikuwa redio.

Kazi yao ilikuwa kuinyunyizia dawa Vasa, meli ya kivita ya mfalme iliyozama na mabaharia na familia zao siku ile ile ya kung'oa nanga, ikalala matopeni zaidi ya miaka mia tatu, kisha ikaibuliwa. Mbao zikikauka ovyo hupasuka, kwa hiyo bandani mlikuwa na ukungu kutwa kucha. Taa hazikuzimwa mpaka kila koti lirudi msumarini.

Gunvor akarudi ndani, ukungu ukamfunika. Tone... tone... Kukanuka tope la zamani.

Chini ya tundu la mzinga alikaa mwanamke, koti la njano limemfika magotini.

"Mbona umebaki, dada? Tunafunga."

"Namsubiri mume wangu," akanong'ona. "Alisema tutashuka pamoja."

Gunvor akadhani ni mgeni kazini, ana msiba wake. Akamwonea huruma. Tuseme kweli, alijionea huruma mwenyewe.

"Basi Krismasi njoo kwangu. Niko peke yangu."

Mwanamke akainua uso. Macho yake...

Hayakuwepo.

Gunvor alitoka mbio. Mlangoni alimkuta Evert ameduwaa mbele ya misumari. Koti lilikuwa limesharudi. Nje kavu. Ndani lilichuruzika maji meusi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemkaribisha Krismasi."

Evert hakutania tena. "Sisi huwaita watoke tu, Gunvor. Hatuwakaribishi. Mwenye zamu kabla yako alimkaribisha mmoja. Tulikuta mlango wa nyumba yake wazi, kahawa bado ya moto. Yeye hatujamwona mpaka leo. Wakibisha, usifungue."

Akaapa hatafungua.

Lakini mkesha wa Krismasi, giza lilipoingia, aliandaa samaki wa siki na paja la nguruwe, akawasha mshumaa. Akaweka sahani mbili. Mkono uliziweka wenyewe, alijiambia.

Ngazini kukasikika hatua. Hazikuwa za mtu mmoja. Buti nzito, nyingi... kisha kikohozi cha mtoto. Maji yakapenya chini ya mlango, na harufu ile ya tope.

Ngo... ngo... ngo.

"Dada," sauti ikanong'ona. "Nimempata. Amekuja na wenzake wote."

Gunvor aliutazama mlango. Akaitazama redio, kiti cha Torsten, usiku mrefu uliobaki.

Kisha akafungua kabati, akaanza kutoa sahani.