Alhamisi, Chumba Namba Nne Hakikodishwi

Mlango wa chumba namba nne ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia…

Kando ya kitanda kulikuwa na mtu amenipa mgongo, anakunja blanketi. Mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana, halafu anapapasa juu kwa kiganja. Mabegani amejitanda shali ya mama yangu.

Na kitanda kile ni cha mama. Kwenye nguzo ya kushoto kuna jina langu, WENING, nililolichora kwa msumari nikiwa darasa la tatu, na nilichapwa kwa ajili yake.

Mama yangu alifariki siku mia tisa tisini na nane kabla ya jioni hiyo. Na mimi nilikuwa hotelini, jamani. Hoteli niliyoichagua mwenyewe.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Mimi ni kitindamimba. Kwetu mjini Solo, kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Haijaandikwa popote, kila mtu anajua tu. Nina kaka mmoja, Mas Darmaji, amenizidi miaka kumi na nne, anaishi Sragen, mji wa jirani; mimi humwita Mas, yaani kaka, naye huniita Dik, mdogo wake. Mimi maisha yangu yako Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kwenye maabara ya hospitali.

Mama alipofariki sikuwepo. Nilifika ameshazikwa. Hilo donda sijawahi kumwonyesha mtu.

Wazee wetu wanaamini roho ya marehemu inaendelea kupita nyumbani hadi siku ya elfu. Siku hiyo tunasoma dua, tunaweka jiwe kaburini, naye anaaga moja kwa moja. Kwa hiyo nilikuwa na mpango wangu wa siri. Nifike siku mbili kabla, nikae chumbani kwa mama, nimwombe msamaha akiwa bado anapitapita. Baada ya hapo nitampata wapi tena?

Nikampigia kaka.

"Mas, nitafikia nyumbani."



"Paa linavuja, Dik. Chukua hoteli. Za karibu na stesheni ni nzuri."

"Si nitafute Kauman basi, hapo hapo mtaani kwetu?"

"Kauman usikae. Vichochoro vile, pikipiki zile… kaa stesheni."

Sasa mimi ukiniambia usikae hapa, ndipo nitakapokaa. Siku tatu nilijifungia na simu nachambua hoteli za mji wa kale. Hii ina bwawa la kuogelea, mama angenicheka. Ile picha zote zimepigwa kwa karibu, lazima wanaficha kitu. Mwishoni nikanasa kwenye moja ya Kauman yenye vigae vya maua ya njano na kijani. Nikajiambia nyumba zote za zamani mtaani kwetu zina vigae vile.

Maoni ya wageni yalikuwa mazuri, isipokuwa ya mgeni mmoja.

"Jumatatu mchana nilisinzia chumba namba nne. Naamka, blanketi langu limekunjwa vizuri, limewekwa miguuni. Nilikuwa peke yangu na mlango nimefunga kwa ndani. Sirudi tena."

Nilicheka. Nikachukua namba tatu.

Alhamisi saa kumi jioni nikashuka kwenye lango la hoteli, nikalitambua. Ilikuwa nyumba ya jirani yetu, Pak Wiryo. Nikajua mzee ameuza, nikasikitika kidogo, nikaingia. Nilipanga nikioga tu nikaichungulie nyumba yetu na paa lake linalovuja. Dada wa mapokezi, Ratri, akanipa ufunguo.

"Namba nne kuna mgeni?" nikamtania. "Nasikia kina mzimu wake."

Hakucheka.

"Alhamisi namba nne hakikodishwi, Bu," akaniita kwa heshima. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mtu wa Alhamisi." Akainamia daftari lake, mazungumzo yakaishia hapo.

Magharibi ilipoadhiniwa nikasikia harufu ya chai ya yasmini. Ile nzito, sukari tele mpaka midomo inanata, anayoipenda mama. Nikatoka nje kuifuata. Nilipita pembeni ya chumba changu, na hapo nikaona ua ni mkubwa mno kuwa wa Pak Wiryo peke yake. Ukuta uliotutenganisha naye haupo. Umebomolewa.

Nilikuwa nimesimama kwenye baraza la nyumba yetu. Na mbele yangu ndiyo hiyo namba nne.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Yule mtu akageuka taratibu.

Alikuwa kaka yangu.

"Dik," akasema. "Umekula?"

"Umeuza nyumba."

"Kaa kwanza."

"Umeuza nyumba yangu, Mas. Halafu ukanidanganya paa linavuja."

"Paa lilikuwa linavuja kweli," akasema, akakaa yeye. "Nimevaa shali yake kwa sababu ya baridi. Pikipiki kutoka Sragen, na umri huu…"

Nilitaka kumrukia. Sijawahi kumjibu kaka vibaya maishani mwangu, lakini jioni ile maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Akaniwahi.

"Nilikungoja useme unarudi kuishi hapa. Siku ya mia ulikaa barazani na mimi. Nikakumiminia chai mara tatu, nikajua sasa atasema. Ukaondoka hukusema. Nikangoja mwaka mzima, nyumba inaoza."

"Ningesemaje? Wewe ndiye mkubwa. Niombe nyumba, na kaburi bado bichi? Nilikuwa nangoja unipe."

"Na mimi ningekuitaje? Uache kazi yako kubwa uje ufagie ua? Ningeona aibu."

Kwetu tunaiita sungkan. Ile haya ya heshima inayokuziba mdomo mbele ya mtu unayempenda. Tumelelewa nayo na tunajisifia nayo.

"Mnunuzi nilimpa sharti," kaka akaendelea. "Kitanda kisitolewe. Na kila Alhamisi, siku roho hupita zaidi, chumba kiwe changu mpaka siku ya elfu. Sikutaka mama aje akute wageni tu."

Hasira ikaniishia mikononi. Nikamsomea yale maoni ya Jumatatu.

Akalitazama blanketi muda mrefu.

"Mimi huja Alhamisi tu, Dik."

Chai ya mama ilikuwa mezani, inafuka moshi, na sote wawili tulikuwa tumekaa upande mmoja wa kitanda, kumwachia nafasi. Nikaona nikinyamaza na sasa, basi tena.

"Mama, nisamehe. Sikuwepo."

Kaka akainamisha kichwa.

"Kuna jambo sijakuambia. Siku ile alikuulizia tangu saa tatu asubuhi. Nikashika simu nikupigie, akanizuia mkono. 'Usimsumbue, atakuwa kazini.' Mchana akaulizia tena, nikashika tena simu. 'Acha, bado yuko kazini.' Akawa anaitazama tu ile simu hadi saa tisa, alipokata roho. Sikuthubutu kubishana na mama."



Wapendwa, siku ile sikuwa kazini.

Siku ile nilikuwa mapumziko. Nilishinda kitandani Balikpapan, simu mkononi, nimefungua jina la mama. Nikawa naliangalia. Nikasema yule ni mgonjwa, labda ndiyo kwanza amepata usingizi, nisije nikamwamsha. Nikaliangalia tena. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, nikaliangalia. Sikubonyeza.

Saa sita nzima. Yeye anaangalia simu huku, mimi naangalia simu kule, na kila mmoja anamhurumia mwenzake.

Nilimwambia kaka. Ilibidi nimwambie, maana tumeshaona kunyamaza kunatufikisha wapi. Alilia mpaka shali ikamdondoka, na mimi nikamshika, mzee wa watu, mara ya kwanza tangu nikue.

Jumamosi tuliweka jiwe. Mama ameshaaga. Nyumba imeenda, na nimekubali.

Lakini wewe unayesoma hapa, una mtu ambaye humpigii kwa sababu labda amelala. Mwamshe. Atakukaripia, sawa. Mimi ningetoa chochote nilichonacho nimsikie mama ananikaripia kwa kumwamsha siku ile.