Mgonjwa Aliyekaribishwa Bila Kutazamwa

Karani wa kitengo cha afya pale kiwandani alikuwa na mdomo mtamu na shingo nzito. Mlango ukilia tu, husema, "Karibu, kaa, utaitwa," macho yakiwa kwenye kompyuta. Wafanyakazi walimbatiza Bi Karibu, naye alicheka nao.

Asubuhi moja mlango ulilia, akakaribisha kama kawaida. Alipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Kiti cha kona kilikuwa kimelowa, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

"Upepo tu huo," nesi alimwambia.

Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekalia kiti kile. Hata wenye miguu mibovu walisimama, na ukiwauliza wanasema hawajachoka. Kisha kile kibanda kisichopitisha sauti, wanachopimiwa watu masikio, kikaanza kugongwa kutoka ndani kikiwa kitupu, mchana kweupe.

Zamu ya kupimwa ikamfikia mume wa karani, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Baba watoto, usiingie leo. Nakuomba."

"Nawe umeanza? Nisipopimwa watanisimamisha kazi, tutakula nini?"

Aliingia. Kupitia kioo, karani alimwona akitabasamu, akiitika, "Naam."

Alipotoka, mkewe akamuuliza, "Ulikuwa unaongea na nani mle?"

"Si wewe uliyekuwa unaniita?"

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, maana mume alilala macho wazi, akinuka ile harufu ya nywele hata akioga mara ngapi, na mtoto wao mdogo, aliyekuwa habanduki mapajani kwa baba yake, sasa alilia hadi kupaliwa kila aliponyooshewa mikono.

Nesi ndiye aliyemwingiza mganga saa ya chakula, amemvika kofia ngumu ya wageni, utadhani mkaguzi wa mitambo. Mganga alikinusa kiti, akarudi nyuma.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," karani alinong'ona, machozi yakimtoka. "Sikutazama."

"Basi wewe ndiye wa kumruhusu. Hakuvunja mlango huyu, aliambiwa akae. Mwambie amemaliza, aende zake."

Mume, ambaye nesi alikuwa amemwita pia, alisimama nyuma ya mkewe, mkono begani kwake. Karani alikitazama kile kiti, safari hii bila kupepesa, akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "Umemaliza. Nenda salama, usirudi tena."

Kiti kikakauka wanakiona. Karani akashusha pumzi, akataka kucheka. Ndipo mkono ukatoka begani kwake, na mume akampita, akafungua mlango, akatoka.

"Baba watoto!" aliita kwa mshtuko, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.

Mganga alimdaka mkono. "Usimwite tena, mama. Kumbe yule uliyemkaribisha alishahama kitini, yumo ndani ya mumeo. Mwache ampeleke mbali, huko atamwacha. Ukimwita sasa, umemkaribisha upya."

"Atamwacha akiwa hai?"

Mganga alizidi kuukaza ule mkono.

Karani alijinasua, akafungua mlango. Mume alikuwa amesimama uani kwenye jua kali, amewapa mgongo, miguu ikitetemeka kama ya mtu anayevutwa. Karani alikuwa anamwogopa kwelikweli. Lakini alimpenda zaidi, na alijua hatalala tena akimwacha aende hivyo.

Akamwita kwa jina lake, na sauti zilizoitika zilikuwa mbili.