Folda Tupu ya Marehemu Stoimen

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Nevena Dragieva aliwasha kompyuta ya marehemu mumewe, akafungua folda ya picha, akakuta haina kitu. Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki. Kwa desturi ya mji wao, tangazo lenye picha ya marehemu lilipaswa kubandikwa mlangoni, na picha aliyoitaka, Stoimen akicheka, ilikuwa humo tu.

Kabla hata ya kahawa alikwisha kupata mhalifu. Alimpigia simu Plamen, mpwa wa mumewe, aliyeitumia kompyuta hiyo Jumapili, akamkataza kukanyaga kwenye kumbukumbu ya mjomba wake. Kisha akamwita jirani wa chini, Sava Minkov, mpelelezi mstaafu.

Nevena alimweleza Sava jinsi kompyuta ilivyopangwa. Picha zilikaa kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi chenye waya wake wa umeme. Kompyuta ikiwashwa, diski hufunguka yenyewe ndani ya folda ile. Plamen ndiye aliyeipanga hivyo.

"Basi ndiye anayejua kufuta," Nevena alisema.

"Hata mimi najua kuiba, Nevena. Nimesomeshwa na wezi miaka thelathini."

Alimuuliza lini aliziona picha mara ya mwisho. Nevena akakumbuka: Jumapili usiku, Plamen alipokwisha kuondoka. Na tangu hapo ameingia nani? Hakuna, ila Mitka, dada yake Nevena, aliyehamia hapa Jumatatu baada ya bomba la maji kupasuka nyumbani kwake.

Taa ya diski ilikuwa inawaka. Sava aliweka kiganja juu ya kompyuta: ina joto. Akakiweka juu ya diski: baridi. Njiani kuelekea jikoni aliona redio imechomolewa, na balbu ya ukumbini imelegezwa.

Mitka alikuwa anakata karatasi za kupangusia mikono vipande viwili viwili. Sava aliketi.

"Dada Mitka, usiku unazima nini?"

"Kila kinachokula umeme bure. Hapa ni Gabrovo, kaka, mji unaosifika kwa ubahili."

"Na kile kisanduku cheusi?"

"Nacho nakichomoa, nakichomeka tena asubuhi nikishachemsha kahawa. Kwani kimeharibika?"

Sava aliwaeleza wote wawili polepole. Kompyuta huitafuta diski mara moja tu, inapowaka. Leo iliitafuta wakati diski bado imechomolewa, haikuipata, ikaacha. Folda ilibaki kama mlango usio na chumba nyuma yake. Hakuna kilichofutwa.

Mitka aliweka mkasi chini. "Amenipa kitanda chake, yeye analala kwenye kochi," alisema kwa sauti ndogo. "Sina cha kumlipa. Nikaona angalau nimpunguzie bili."

Nevena alimshika bega, akaenda kuizima kompyuta, akaiwasha tena. Stoimen akatokea, anacheka, mdomo umejaa tikiti maji.

Nevena akachukua simu.

"Plamen, mwanangu, nimekukosea. Jumamosi njoo mapema. Wewe ndiye utakayebandika tangazo la mjomba wako."